Bila kituo na mashua, wanafunzi wetu wa samaki watasoma maji kwenye ubao tu

Kasungami, Lubumbashi

Ndugu wasikilizaji, ndugu wasomaji, na nyinyi familia mliohama makwenu kwa sababu ya vita au mafuriko, leo tuzungumze juu ya samaki. Sitasema juu ya bei ya kapenta sokoni, hiyo kila mama anaijua kuliko mimi. Nataka tuulizane nani anayewahesabu samaki hao, nani anayepima maji wanamoishi, na kwa nini mtoto wetu anayesomea kazi hiyo chuo kikuu anaweza kufika mwisho wa masomo akiwa amepanda mashua mara chache sana. Kuna watakaosema hayo ni mambo ya maprofesa. Mimi nasema ni mambo ya sufuria yetu. Na kwa nyinyi mliotoka kando ya ziwa, ni habari ya kazi mtakayoikuta siku mtakaporudi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda. Majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yanahitaji kituo cha kudumu cha masomo na utafiti kando ya maji, chenye mashua yake, motere yake na pesa yake ya mafuta, kikiwa mikononi mwa vyuo vikuu vyetu. Si lazima kiwe jumba kubwa. Wala kisisubiri meli ya wafadhili. Na wavuvi, pamoja na wale waliohamishwa, wawe ndani yake tangu siku ya kwanza.

Bahari yetu ni maziwa

Nchi yetu ina bahari, lakini ni kipande kidogo cha kilometa 40 hivi upande wa Muanda na Banana, mbali kabisa na sisi. Mtoto wa Katanga anayetaka kusomea maji na viumbe vyake, bahari yake ni maziwa na mito. Na hatuna maji kidogo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina chake kinafika metre 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Tunaligawana na Tanzania, Burundi na Zambia. Kusini zaidi tuna ziwa Mweru na mto Luapula, tunaogawana na Zambia, ambako watu wa Pweto, Kilwa na Kasenga wamelelewa na samaki. Tuna maziwa na mabwawa ya Upemba kando ya Lualaba. Na karibu na Likasi tuna ziwa Tshangalele, ambalo Mungu hakuliumba siku ile ya kwanza: lilizaliwa mwaka 1930, mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la umeme la Mwadingusha.

Kwa hiyo tunapomwambia mwanafunzi wa Lubumbashi asomee uvuvi au uhai wa majini, hatumtumi mwezini. Maji yapo. Tena katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kitivo cha kilimo kina kikundi cha utafiti kinachoshughulikia viumbe na matumizi mema ya sehemu zenye maji. Walimu wapo, wanafunzi wapo, na hamu ipo. Kinachokosekana ni njia ya kufika majini mara kwa mara. Safari moja ya siku tatu kwa ajili ya memwari, kwa pesa ya mjomba au kwa gari la mradi fulani, haitoshi. Ziwa halijulikani kwa kulitazama siku moja, kama vile mgonjwa hajulikani kwa kupimwa homa mara moja.

Daftari la maji yetu liko wapi?

Si kweli kwamba maji haya hayajapimwa. Yamepimwa tangu zamani. Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walituma msafara mkubwa wa wanasayansi kwenye ziwa Tanganyika. André Capart alipima kina na kuchora ramani ya chini ya ziwa. Max Poll alieleza samaki, aina kwa aina. Kazi ilikuwa nzuri sana, na hadi leo wataalamu wanaitumia. Lakini vitabu vilichapwa Brussels, na samaki wenyewe wamo ndani ya chupa Ubelgiji. Mwaka 1947 ikaundwa taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, makao yake makuu Lwiro, na vituo vyake vingine vilikuwa Uvira na hata hapa Élisabethville, mji wetu wa Lubumbashi wa leo. Kituo cha Uvira ndicho mzazi wa kituo cha utafiti wa maji, CRH, ambacho kimepita katika vita vingi na bado jina lake linajulikana ziwa zima.

Baadaye ikaja miradi. Mwaka 1992 ulianza mradi wa FAO na Finland wa kuchunguza uvuvi wa ziwa Tanganyika. Ulikuwa na meli ya utafiti iliyoitwa Tanganyika Explorer, iliyozunguka ziwani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ikitafuta makundi ya samaki kwa mashine ya sauti. Upande wa Kongo, kituo chake kilikuwa Uvira, kaskazini kabisa. Kigoma, Tanzania, chuo kikuu cha Arizona cha Marekani kiliendesha kwa miaka kadhaa mafunzo yaliyoitwa Nyanza Project: wanafunzi wa Marekani na wa nchi za ziwa waliishi pamoja kando ya maji, wakapima, wakaandika. Wengi waliopita hapo leo ni wataalamu. Hilo linaonyesha nini? Linaonyesha kwamba mwanafunzi akipewa kituo, mashua na wiki chache za kazi ya kweli, anageuka kuwa mtafiti. Lakini mradi una siku ya kufunga mlango. Pesa ikiisha, mashua inavutwa nchi kavu, daftari linasimama.

Mwaka 2003 dunia ilishtuka kwa makala mawili ya kisayansi juu ya ziwa letu, moja katika jarida la Nature na nyingine katika jarida la Science. Yalisema ziwa Tanganyika limepata joto, na joto hilo linapunguza chakula cha samaki. Nielezee kwa kifupi, maana hata mvuvi asiyesoma atalielewa jambo hili. Chakula cha kwanza cha ziwa ni majani madogo sana yasiyoonekana kwa macho, yanayoelea juu kwenye mwanga. Mbolea yake iko chini, kwenye maji baridi. Upepo wa kusini wa majira ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, ndio unaovuruga maji na kuipandisha mbolea hiyo juu. Maji ya juu yakipata joto zaidi, yanakuwa mepesi na yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo unashindwa kuyachanganya. Majani yanapungua, wadudu wa majini wanapungua, ndakala wanapungua, na mikebuka wanaokula ndakala wanapungua pia. Watafiti wa makala ya Nature walikadiria kwamba chakula hicho cha kwanza kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba jambo hilo linaweza kushusha samaki kwa asilimia 30 hivi.

Ndugu zangu, hizo ni habari za maisha yetu. Lakini katika waandishi wa makala hayo mawili hakuna hata mmoja wa chuo kikuu cha Kongo. Siwalaumu walioandika. Walifanya kazi, na tuwashukuru. Nasema tu kwamba mtu mwingine akishika daftari la shamba lako, siku ya kugawa mavuno utamsikiliza yeye.

Nani atasema funga ziwa, nani atasema fungua?

Na siku hiyo imekwisha kufika. Nchi nne za ziwa Tanganyika zilikuwa na mkataba wao wa kulinda ziwa tangu mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Katika mipango ya nchi hizo umo mpango wa kupumzisha ziwa miezi mitatu ili samaki wazae. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Kwa mvuvi mwenye watoto sita, miezi mitatu ni mirefu sana. Anauliza maswali yenye akili: kwa nini miezi hii na siyo mingine? Kwa nini ziwa zima, na si sehemu wanapozaa tu? Je, baada ya kufunga samaki waliongezeka kweli, wangapi, na upande gani?

Maswali hayo hayajibiwi kwa kupiga meza wala kwa kutuma askari wa majini. Yanajibiwa kwa hesabu iliyofanywa kabla ya kufunga, wakati wa kufunga na baada ya kufunguliwa, mahali pale pale, kwa nyavu zile zile. Kama Kalemie, Moba na Pweto hazina watu wao wanaoshika hesabu hiyo mwaka kwa mwaka, tutakubali au tutakataa kwa kubahatisha. Mvuvi atasema wanatuonea. Serikali itasema hawaelewi. Wote wawili watakuwa hawana karatasi mkononi.

Historia ya hapa kwetu inatufundisha. Zamani mto Luapula ulikuwa na samaki mkubwa aitwaye mpumbu. Wakati wa mvua alipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wakati wa wakoloni, wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki kwa wingi na kuwaleta Élisabethville ili kulisha wafanyakazi wa migodi. Nyavu zikawekwa pale pale alipokuwa akipanda kuzaa. Katika miaka ya 1940 mpumbu akaporomoka, na wingi ule haukurudi. Mji huu wetu ulimla mpaka akaisha. Baadaye wakaaji wa Mweru wakageukia samaki wadogo, chisense. Sasa tuulize: kama hao wadogo nao wameanza kupungua, ni nani atakayetuambia mapema, kabla hawajafika walikofika mpumbu?

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu wa mji wa migodi. Mto Panda unapita Likasi kwenye viwanda, unaingia Lufira, na Lufira inaingia Tshangalele. Uchunguzi wa watafiti wa Torino, Italia, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta madini mazito katika samaki wa ziwa hilo, kwa kiasi cha kutia wasiwasi kwa watu wanaowala. Samaki wa Katanga walipimwa Italia. Na hapa mjini mnakumbuka Novemba 2025, maji ya bwawa la kiwanda kimoja cha madini yalipomwagika katika mitaa ya watu, mpaka serikali ikaisimamisha kampuni hiyo. Watu waliuliza: maji haya yana nini? Tunaweza kuoga? Samaki wa mto tuwale au tuwaache? Ili kujibu vizuri, lazima uwe na kipimo cha jana, cha mwezi uliopita na cha mwaka uliopita. Bila kipimo cha kabla, mwenye kiwanda atasema mto ulikuwa hivyo tangu zamani, na hutakuwa na la kumjibu.

Familia zilizotoka Kalemie na Uvira zinajua jambo la tatu: maji yanayopanda. Mwaka 2021 na mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likameza nyumba, barabara na bandari. Wengine walisema ni laana, wengine walisema ni mwisho wa dunia. Lakini ziwa hili lina tabia yake. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie. Mwaka 1876 Stanley alifika hapo akaukuta mlango umezibwa kwa matope na mafunjo, maji karibu hayatoki. Mwaka 1879 Mwingereza Edward Hore akafika akakuta mto unakwenda kwa nguvu: ziwa lilikuwa limepanda, limevunja kizibo, linashuka. Kwa hiyo kupanda na kushuka si jambo la leo. Kituo kinachopima kimo cha ziwa na nguvu ya Lukuga kila siku, na kuyatangaza kwa redio, kingeweza kuwaambia watu: msijenge hapa, hameni mapema. Wengi wamekuwa wakimbizi wa maji kwa kukosa neno hilo moja. Na mahali ambapo kipindupindu ni mgeni wa kila mwaka, kama Kalemie na Uvira, mtu anayepima maji ya kunywa kila wiki anaokoa watoto.

Meli kubwa si dawa

Hapa wengine watasema: basi tuombe meli. Tusikimbilie. Kenya ilipewa na Ubelgiji, upande wa Flandre, meli ya utafiti iliyoitwa Zeeleeuw. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikakabidhiwa kwa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, ikapewa jina zuri la Kiswahili, Mtafiti. Ni meli ya metre 56. Kenya ina bahari kubwa na bandari ya Mombasa, na inaihitaji. Lakini meli ya namna hiyo inataka mabaharia, mafundi, vipuri na mafuta mengi, hata siku isipotoka bandarini. Kwenye Tshangalele haiwezi hata kugeuka.

Mifano inayotufaa zaidi ni mingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweka taasisi yake ya sayansi ya bahari Zanzibar tangu mwaka 1978. Hawakuiweka kwenye kilima cha chuo mjini Dar es Salaam. Waliipeleka kisiwani, ili mwanafunzi akitoka darasani aone mawimbi. Na mfano wa karibu kabisa uko Bukavu, ndani ya nchi yetu. Chuo cha ualimu cha ISP Bukavu kina kikundi cha kufundisha na kuchunguza uhai wa maji. Kuanzia mwaka 2002, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Namur, Ubelgiji, walikwenda mara kwa mara mahali pale pale kwenye ziwa Kivu, wakachota maji, wakapima joto, wakahesabu wadudu wa majini, miaka ikapita. Mjue hali ya Kivu katika miaka hiyo ilikuwaje. Hata hivyo daftari liliendelea, na wataalamu wa nje wanapoandika juu ya ziwa Kivu wanalitumia daftari hilo. Hawakuhitaji meli ya metre 56. Walihitaji mashua, ratiba na ukaidi.

Kwa hiyo ninaposema kituo, nasema nyumba ya vyumba vichache yenye paa zuri na milango inayofungwa. Nasema sola ya taa, ya mikroskopi na ya friji ndogo. Mashua moja ya faiba yenye motere inayojulikana na mafundi wa hapa, makoti ya kuelea kwa kila mtu, na redio ya mawasiliano. Chupa maalumu ya kuchota maji ya chini, kamba yenye alama za metre, nyavu za kunasia wadudu wadogo, kipimo cha joto na cha oksijeni, sahani nyeupe ya kuzamisha ili kuona mwanga unafika wapi, mizani ya samaki, na daftari gumu lisiloharibiwa na maji. Mlinzi mmoja na fundi mmoja wa motere wanaolipwa kila mwezi. Mwanafunzi akikaa hapo wiki sita, na mwenzake akaja kumpokea, mwaka mzima unajaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Wanaopinga wana hoja, tuzijibu

Hoja ya kwanza ninaisikia kwa watu waliohamishwa wenyewe, na ninaiheshimu. Wanasema: sisi tunalala chini ya bashi, watoto hawana bukari ya jioni, na wewe unaomba mashua ya wanafunzi? Ndugu zangu, siombi pesa ya chakula chenu igeuzwe mafuta ya motere. Msaada wa dharura uwe wa dharura. Lakini siku mtakaporudi Moba, Pweto au Kalemie, wengi mtarudi kwa nyavu, kwa kukausha samaki, kwa kuwauza. Mkikuta ziwa limechoka na hakuna anayejua kwa nini, mtakuwa mmehamishwa mara ya pili.

Hoja ya pili ni usalama. Vita vilifika Uvira mwenyewe Desemba 2025, na mnajua jinsi kituo chochote kinavyoweza kuporwa. Ni kweli. Ndiyo maana nasema tuanzie mahali penye utulivu na pa karibu, Tshangalele, kilometa zisizo nyingi kutoka Likasi, halafu Mweru, halafu Kalemie. Na kila karatasi inayoandikwa iwe na nakala ya pili Lubumbashi siku hiyo hiyo. Motere ikiibwa inanunuliwa nyingine. Hesabu ya miaka kumi ikichomwa hainunuliwi popote.

Hoja ya tatu ni ya wakubwa: pesa hakuna. Hapo ndipo ninapokataa. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni ya migodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka mgodi. Sheria hiyo hiyo inagawa ushuru wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ya chini, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni nani kama si hawa wanafunzi? Madini yataisha siku moja. Samaki, wakilindwa, hawaishi. Kutumia sehemu ndogo ya pesa ya kitu kinachoisha ili kulinda kitu kinachozaa ni akili ya mkulima yeyote anayeweka mbegu. Na kwa kuwa viwanda ndivyo vinavyotia shaka kwenye maji yetu, si vibaya pesa itoke huko. Ila masharti yawe wazi: anayetoa pesa asiandike majibu. Vipimo viwe vya chuo kikuu, na vitangazwe hata vikimuuma mwenye kutoa.

Tunachoomba

Kwa serikali ya jimbo la Haut-Katanga na wabunge wetu wa jimbo: wekeni kituo cha Tshangalele katika bajeti kwa mstari wake wenyewe, na mafuta ya mashua na mshahara wa mlinzi viandikwe humo. Jengo bila mafuta ni kibanda cha popo.

Kwa UNILU na chuo kikuu cha Kalemie: fanyeni kazi ya majini iwe sharti la kumaliza masomo ya fani hiyo, si zawadi kwa mwenye mjomba. Mtoto wa mama anayeuza makala naye apande mashua. Wekeni nafasi kwa wanafunzi waliokimbia vita na kuacha masomo katikati, Uvira, Kalemie au kwingine. Wao wanajua ziwa kwa miguu yao. Na wasichana wasiambiwe kwamba mashua ni ya wanaume; wanaokausha na kuuza samaki wetu ni akina mama, na wao ndio wa kwanza kuona samaki wamekuwa wadogo.

Kwa watafiti wa nje: karibuni kama mlivyokaribishwa siku zote. Lakini nakala ya kila kipimo ibaki hapa, na jina la mwanafunzi wa hapa aliyeshika kamba usiku liandikwe kwenye makala.

Na kwenu familia mliohamishwa: wapo kati yenu wazee wa ziwa wanaojua majina ya pepo, wanaojua mwezi gani ndakala hupanda juu na ghuba gani mikebuka huzalia. Maarifa hayo hayapo Brussels. Mkiwa bado hapa Lubumbashi, semeni na vijana hao, wayaandike kabla hayajapotea kwa umbali na kwa uzee. Kituo kikianza, muombe nafasi za kazi: kuendesha mashua, kutega nyavu za majaribio, kupima samaki ufukweni. Msikubali kuitwa kuhesabiwa tu. Nanyi muwe wahesabuji.

Jambo la mwisho ni letu sisi wa redio na wa habari za mtaa. Kipimo kikibaki kwenye memwari ya Kifaransa ndani ya kabati, hakijamsaidia mvuvi. Majibu yasomwe kwa Kiswahili, kila mwezi, kwa lugha ya mtu wa kawaida: ziwa liko kimo gani, samaki wanapatikana wapi, maji ya mto gani yasinywewe. Sisi tuko tayari kuyasoma. Tunangoja tu atakayetuletea karatasi, na tungependa awe mtoto wa hapa.